Mausi ya elfu 25, Mint ya Xfce na mkono wangu wa kushoto

Mausi yenyewe ni nyeusi, haina waya, inakula betri moja ndogo, nimeinunua elfu 25 duka moja hapa Kampala na jina lake silitaji, si la duka si la kiwanda, sitaki kesi na mtu. Nimekaa nayo karibu miezi mitatu ndo naandika. Na nisiwadanganye, hapa siandiki kuhusu mausi peke yake, naandika mausi pamoja na Linux Mint ya Xfce niliyoichomekea (Mint ni mfumo wa kompyuta wa bure unaokaa mahali pa Windows, Xfce ni sura yake, yani madirisha na menyu), manake shida zilizonipata zingine zilikuwa za mausi zingine za setingi na moja haikuwa ya yeyote, ila kila niliyemuuliza jibu lake lilikuwa moja tu, "ni hiyo Linux yako".

Nina kibanda cha kudizaini pale Nasser Road, kadi za kwanjula (sherehe ya kujitambulisha ukweni), kalenda, vitabu vya risiti, mabango ya kanisa, wenye kupita pale wanajua ile kelele ya mashine za kukata karatasi tangu asubuhi. Kompyuta yangu ni desktopu used, prosesa ya Intel ya kizazi cha nne, na Windows 10 ilipokatiwa saport Oktoba 14, 2025 halafu Windows 11 ikaikataa mashine kwa uzee, nikasema basi, kwani Inkscape, programu ya kuchorea inayokubali na Linux pia, nilikuwa naitumia tangu zamani, nikaweka Mint 22 ya Xfce kwa sababu ni nyepesi. Printa iliingia yenyewe bila kuombwa. Kilichonitoa jasho ni kidude cha elfu 25.

Kingine mnachotakiwa kujua, mimi ni mashoto. Kijana wangu wa kazi anatumia kulia kama watu wengi, na kompyuta ni hiyo moja.

Wiki ya kwanza mshale ulikuwa unatembea kama boda boda kwenye foleni ya Clock Tower, unaenda, unasimama, unaruka mbele ghafla. Nikabadilisha betri, wapi. Nikaita fundi, akatazama dakika mbili akasema anirudishie Windows kwa elfu 30, nikamwambia asante ssebo, nikalala nayo. Kesho yake nikagundua wala sio setingi: kile kidude cha USB kinachopokea mawimbi nilikuwa nimekichomeka nyuma ya boksi, kimebanana na hadidiski ya nje kwenye tundu za bluu. Tundu za bluu ni USB 3, na USB 3 ikifanya kazi inatoa makelele ya mawimbi eneo lile lile la 2.4 GHz ambalo mausi hizi zinaongelea, halafu ongeza na bati la boksi lililosimama katikati, mausi itasikika wapi? Nikanunua kawaya ka kurefushia USB elfu 5, nikakileta kidude hadi juu ya meza karibu na mkono, shida ikaisha siku hiyo hiyo. Kwa hiyo hapo mausi haina kosa na Linux haina kosa, kosa ni la aliyechomeka, yani mimi.

Sasa tuje kwenye Xfce. Hawa jamaa logo yao ni panya, kwa hiyo ungetegemea panya wanamjua vizuri, na kwa kweli sehemu kubwa wanamjua. Ukifungua setingi za Mouse and Touchpad juu kabisa kuna orodha ya vifaa, unachagua kifaa halafu chini unaweka mkono wa kushoto au wa kulia, kasi ya mshale, upande wa skrolu, na hizo setingi zinakaa kwa kifaa hicho peke yake. Kwa watu wa kulia hii haina maana yoyote najua, lakini kwa sisi mashoto ni kama kupewa kiti chako mwenyewe nyumbani. Miaka yote kwenye kompyuta za watu nimekuwa nikibadilisha vitufe, nikisahau kurudisha mtu anakuja anabonyeza anapata menyu badala ya kufungua faili anapiga kelele kwamba nimeharibu mashine. Hapa mausi mbili zinaweza kuchomekwa pamoja, zote zinausukuma mshale mmoja, yangu ipo kushoto kwa kibodi na vitufe vimegeuzwa, ya kijana ipo kulia na vitufe vya kawaida. Hakuna kubadilisha kitu.

Ndo nikafurahi nikaenda kununua mausi ya pili ya kijana, na kwa kuwa ile ya kwanza nilishaizoea nikachukua pacha wake, ile ile. Banange. Nikaichomeka, nayo ikawa ya kushoto. Nikaenda kwenye setingi nikaiweka ya kulia, kumbe na yangu imegeuka kulia. Nikarudisha yangu, ya kijana ikarudi nayo. Kijana akaniuliza, "Anti, hizi zimeoana?"

Jibu nililipata kwenye terminali, lile dirisha la kuandika amri. Ukiandika xinput list inakupangia vifaa vyote vya kuingiza, kila kimoja na jina lake na namba yake, na zangu mbili zilikuwa namba tofauti lakini jina moja herufi kwa herufi. Xfce inatunza setingi kwa jina la kifaa, sio kwa tundu wala kwa namba, kwa hiyo kwake pacha ni mtu mmoja. Hapa namkata maksi, manake watu wengi tu wananunua mausi mbili za aina moja, na ile dirisha haikwambii chochote, inakuacha unazunguka kama mwehu. Unaweza kulazimisha kwa namba kwenye terminali lakini namba zinabadilika ukichomoa au ukiwasha upya, sikutaka maisha hayo. Pacha nikampelekea mtoto wa kaka yangu, nikamnunulia kijana mausi ya waya ya kampuni nyingine elfu 15, majina tofauti, amani ikarudi.

Kasi ya mshale ndo palinichukua siku nyingi zaidi. Kazi yangu nachora herufi kwa kalamu ya Bezier, ile ya kuweka nukta na kuziunganisha kwa mistari, mteja analeta logo iliyopigwa picha na simu imepinda unamchorea upya nukta kwa nukta, na nilikuwa kila nikifika kwenye nukta mshale unapita, nikirudi pole pole haufiki. Nikapunguza ile slaida ya kasi, ukawa mzito kuvuka skrini na bado unapitiliza. Tatizo sio kasi, ni kwamba kwa kawaida libinput, ile programu iliyo chini inayosoma mausi, inapima mkono wako unakwenda haraka kiasi gani halafu inaongeza mwendo kulingana na hapo, yani sentimita moja ya haraka inaupeleka mshale mbali kuliko sentimita moja ya taratibu. Kwa kufungua mafaili ni raha. Kwa kuchora mkono haujifunzi kamwe, kila mara umbali ni mwingine. Inayotakiwa ni mtindo wa bapa, ambapo sentimita ni sentimita. Kwenye KDE na GNOME, sura nyingine za Linux kama Xfce, kuna sehemu ya kuchagua kwa kubonyeza tu, ila kwenye Xfce yangu nimeitafuta dirisha zima sikuiona, nikarudi terminali:

xinput set-prop "pointer:JINA LA MAUSI" "libinput Accel Profile Enabled" 0 1 0

Hilo neno pointer: pale mbele msiliache, mausi nyingi siku hizi zinajitangaza mara mbili, kama mausi na kama kibodi, kwa jina hilo hilo, na bila hilo neno inakukatalia. Na kabla hujabandika tazama kwanza kwa xinput list-props uone hiyo Accel Profile Enabled yako ina namba ngapi mwishoni, yangu ni tatu lakini matoleo ya nyuma yalikuwa na mbili, hapo unaandika 0 1 tu. Halafu mkae mkijua hii amri inasahaulika ukizima mashine, mimi niliiweka kwenye Session and Startup ijipige yenyewe asubuhi, na ukichomoa kidude katikati ya siku uirudie. Anayetaka ya kudumu aandike faili ndani ya /etc/X11/xorg.conf.d lenye Option "AccelProfile" "flat", mimi nilikuwa mvivu. Na kama upo kwenye Wayland badala ya X11 (mifumo miwili tofauti ya chini inayoendesha skrini na mausi) usijisumbue na xinput kabisa, haiigusi mausi ya kweli.

Siku ya kwanza baada ya kuiweka bapa nilitukana, mkono ulikuwa unajiona mgeni. Siku ya nne nimechora nembo ya sacco moja, ina jembe na ndizi na mkono juu ya mkono, saa moja na nusu, zamani ilikuwa inanila mchana mzima.

Sasa kosa la mausi yenyewe. Mwezi wa tatu tangu niinunue ikaanza kubonyeza mara mbili nikibonyeza mara moja, folda inafunguka yenyewe, nukta zinajirudia kwenye Inkscape. Nikabadilisha muda wa dabo klik kwenye setingi, haikusaidia, manake ule mrudio unakuja haraka kuliko kidole chochote. libinput ina chujio lake la hii kitu, mibonyezo inayofuatana kwa haraka ya ajabu inamezwa, lakini swichi ikishachakaa sana mingine inapenya tu. Nikapiga xinput test na namba ya mausi, nikatuliza mkono, nikabonyeza mara moja: press, release, press, release. Nimebonyeza MOJA. Hapo ndo ushahidi, nikachukua video na simu nikashika risiti, waranti ilikuwa imebaki siku tisa.

Dukani yule kaka akaichomeka kwenye kompyuta yake ya Windows, akabonyeza kitufe cha kushoto, tap, tap, tap, akanisukumia, "Nnyabo, hii nzima kabisa." Nikamwambia bonyeza cha kulia. Akabonyeza, menyu ikatokea. "Si unaona?" Nikamwambia kaka, mimi kitufe cha kushoto sijakigusa miezi mitatu, kidole changu kinakaa kulia, hicho cha kushoto unachokisifu ni kipya kama siku ulioniuzia! Akacheka, akadhani natania. Ikabidi nizunguke nyuma ya kaunta, nikaingia kwenye setingi zake nikageuza vitufe, nikamwambia sasa chagua hiyo folda, usiifungue, ichague tu. Akabonyeza mara moja na ikafunguka. Akabonyeza nyingine, ikafunguka. Akaita mwenzake aje kuona, wateja wawili nao wakasogea, na bado yule mwenzake akauliza kama kompyuta yangu sio hiyo Linux ndo imeiharibu swichi. Jamani. Ila walinibadilishia bila kuongeza hata mia, nawapa hiyo.

Kwa hiyo maksi: mausi 5 kwa 10, mkononi inakaa vizuri na haina umbo la kulia kama zile za bei mbaya ambazo mashoto hawezi kushika, lakini swichi ya miezi mitatu haistahili elfu 25. Setingi za Xfce nazipa 7, zingekuwa 9 wangeweka kitufe cha bapa na wakatenganisha mapacha.

Mausi mpya nimeichomeka jioni ile ile nikijiandaa kuanza upya kila kitu. Kumbe jina ni lile lile. Nilipoigusa ilikuwa tayari ya kushoto.