Kozi ya kuriga wahusika wa 2D kwa Moho: uzoefu wangu

Nimemaliza kozi ya video ya kuriga wahusika, yaani kuwawekea mifupa ya kuwachezesha, kwa kutumia Moho, ile programu ya katuni zamani ikiitwa Anime Studio, na hela yangu haijapotea ila kuna sehemu moja muhimu wameiruka juu juu.

Kilichonikosha ni somo la Smart Bones, mifupa inayorekebisha mchoro ikikunjwa. Jamani! Si unajua mkono ukikunjwa kiwiko kinabonyea, pointi za mistari ya mchoro zinajazana upande wa ndani hadi mchoro unaharibika, basi dawa yake ndo hii. Unafungua aksheni mpya, yaani mwendo uliohifadhiwa pembeni, unaipa jina lilelile la mfupa, unaukunja ule mfupa mpaka mwisho wake, alafu unazisogeza pointi mwenyewe moja moja mpaka kiwiko kikae sawa, kuanzia hapo kila ukiukunja programu inarekebisha yenyewe. Na sio viungo tu, unaweza ukaweka kamfupa pembeni ya kichwa kasikoshika kitu chochote, kakawa ka usukani tu, ukikazungusha uso mzima unageuka kushoto kulia. Mwalimu anaenda taratibu, akikosea anarudia palepale, hakati video.

Fremu 0, ile ya maandalizi kabla mwendo haujaanza, nayo kaikazania sana, kwamba mifupa unaiweka pale na leya, yaani tabaka za mchoro, unazifunga kwenye mifupa palepale, kumchezesha mhusika kunaanzia fremu 1. Anayeona ni kitu kidogo asubiri asogeze mfupa fremu 0 aone, hapo hajabadili pozi, kabadili mifupa yenyewe.

Sasa malalamiko. Mhusika wa mazoezi unapewa keshakatwa vipande tayari!! Wakati kazi yenyewe ndo ipo hapo, maana rigi inaanzia kwenye mchoro. Mkono wa juu na wa chini kila kimoja kiishie na duara pale kwenye kiwiko, maduara yalaliane, na mfupa wa chini uanzie katikati kabisa ya duara, la sivyo ukikunja linatokea pengo au nundu na hakuna Smart Bones itakayokuokoa. Haya yote kayasema kwa kupita tu.

Midomo kaitengeneza kwa leya ya swichi, ile inayoonyesha mchoro mmoja tu kwa wakati, iko poa, ila chati yake ya midomo imepangwa kwa sauti za Kiingereza. Kwa mazungumzo ya Kiswahili mimi nimebaki na a, e, i, o, u, mdomo uliofumbwa wa m, b, p, na ule wa f na v, inatosha kabisa kwa katuni za kawaida.

Kama hujawahi kuriga kabisa usianze na hii. Chukua OpenToonz, ni ya bure na mifupa inayo, chora mkono mmoja tu ukate ukunje hadi pengo lipotee, ndo uje huku ulipie.

Nyota tatu na nusu, ya nne wangeipata kama wangeweka faili ya mhusika ambaye hajakatwa.