«Since I've Been Loving You»: ya studio au ya jukwaani?

Mashabiki wa Led Zeppelin, bendi ya roki ya Uingereza, wakianza kubishania wimbo huu, jua mtakesha. Kuna wanaoshikilia ile ya studio, iliyotoka mwaka 1970 kwenye albamu ya Led Zeppelin III. Wengine hawasikii la mtu: kwao ni ile ya Madison Square Garden, New York, Julai 1973, iliyoingia kwenye filamu ya tamasha lao.

Mimi ni wa studio. Vaa hedifoni, ongeza sauti, kisha fuata ngoma peke yake. Utasikia pedali ya John Bonham ikilia kama bawaba ya mlango isiyotiwa mafuta. Mlio huo umo mpaka leo, na ndio unaonifanya nihisi nimekaa nao chumba kimoja. Kinanda cha Hammond cha John Paul Jones kinatanda taratibu, halafu gitaa la Jimmy Page linapasuka kama mtu aliyezuia kilio siku nyingi. Robert Plant naye anapanda juu kabisa, bila woga.

Ya jukwaani ina moto wake, sikatai, na kumwona Page akipiga ni raha tupu. Ila kufikia 1973 sauti ya Plant ilikuwa imebadilika. Pale alipopaa zamani, sasa anapita chini. Kwa wimbo wa maumivu kama huu, pengo hilo nalisikia kila mara.

Anayeusikia kwa mara ya kwanza nampa ya studio, usiku, taa zikiwa zimezimwa.