Programu ya kuchora kwiri iliyonifichia wadaiwa

Naandika haya nikiwa bado na hasira, na sitaki kungoja zipoe. Programu yenyewe ni mojawapo ya zile za kuuliza kanzidata, yaani ghala la taarifa kwenye kompyuta, kwa kuchora: unaburuta majedwali, unavuta mstari kutoka safu hii hadi ile, unaweka tiki kwenye unachotaka kuona, nayo yenyewe inakuandikia swali, yaani kwiri, kwa SQL, lugha ya kuulizia kanzidata. Jina silitaji, anayeitumia ataitambua tu. Chama chetu cha akiba na mikopo kilikata leseni ili mhasibu na sisi wa mikopo tusiwe tunamngoja fundi wa kompyuta kila tunapohitaji orodha.

Mwanzoni niliisifia kwa kila mtu, na nilikuwa na haki ya kuisifia. Jumla ya hisa kwa kila tawi, wanachama wapya, nani ana akiba ya kutosha kudhamini mkopo: yote hayo yalikuwa yanatoka kabla chai haijapoa.

Kisha ikaja kazi ya kamati ya mikopo. Walitaka mikopo yote iliyo hai, na mbele ya kila mkopo kiasi kilichorejeshwa mwezi uliopita, ili wasiolipa waonekane. Nikavuta mstari kutoka namba ya mkopo kwenye jedwali la mikopo hadi namba ya mkopo kwenye jedwali la marejesho. Nikaubofya ule mstari, nikachagua ionyeshe mikopo yote hata isiyo na marejesho. Mstari ukaota mshale, kama mwongozo unavyosema. Nikaweka kichujio kwenye tarehe ya malipo: mwezi uliopita tu. Orodha ikatoka, nikawachapishia wajumbe nakala.

Mjumbe mmoja, mwalimu mstaafu, akaipitia kwa kidole mstari baada ya mstari, halafu akaniuliza, "Mwanangu, yule mwenye duka la mbao mbona simwoni? Huyu si hajaleta hata shilingi?" Tukamtafuta, hayumo. Tukamtafuta mwingine ambaye ofisi nzima inamjua kwa kutolipa, naye hayumo. Kila jina lililokuwa kwenye ile karatasi lilikuwa la mtu aliyelipa chochote. Wale hasa ambao kikao kiliitishwa kwa ajili yao, hata mmoja hakuwemo.

Kilichotokea ni hiki. Mshale kwenye mchoro ni LEFT JOIN, amri ya kubakiza mistari yote ya jedwali la kwanza hata isiyo na mwenzake kwenye la pili, na kweli ulikuwepo. Lakini kichujio changu cha tarehe programu ilikipeleka kwenye WHERE, sehemu ya kwiri inayochuja baada ya majedwali kuunganishwa. Mkopo usio na rejesho tarehe yake ni tupu, na kwenye SQL ukilinganisha kitu tupu na tarehe, jibu si kweli wala si uongo, ni haijulikani. WHERE inabakiza kilicho kweli tu. Basi wasiolipa wote wakaondolewa, huku mshale ukiendelea kuniambia pale kwenye kioo kwamba mikopo yote imo. Sharti lile lilitakiwa kukaa kwenye ON, sehemu inayosema mistari ipi ya majedwali mawili iunganishwe.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Kijana hakunisikiliza hata nusu. "Dada, mfumo uko sawa. Shida ni nyie watumiaji, hamsomi mwongozo." Nikamwambia mwongozo ninao hapa mezani, anitajie ukurasa. Hakuutaja. Akasema niongeze sharti la pili, "au tarehe iwe tupu", akakata simu.

Nikaongeza. Wale ambao hawajawahi kulipa tangu wachukue mkopo wakarudi kwenye orodha. Ila aliyelipa Januari na Februari halafu akaacha bado hakuonekana, kwa sababu yeye ana mistari kwenye jedwali la marejesho: tarehe zake si tupu, lakini si za mwezi uliopita pia. Na mtu wa mikopo yeyote atakwambia huyo ndiye wa kumuwahi, maana aliyeanza kulegea bado anaweza kurudishwa njiani. Kwa hiyo ushauri nilioupata kwa kejeli haukuwa hata sahihi!

Nikafungua ukurasa wa SQL, nikahamisha sharti kwa mkono hadi kwenye ON. Majibu yakaja sawasawa. Niliporudi kwenye mchoro, programu ikaifuta kazi ya mkono wangu na kulirudisha sharti kwenye WHERE, bila kuniuliza.

Wazo la kuuliza kwa mchoro si la jana. Miaka ya 1970, wakati Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa IBM wanaitengeneza SQL, Moshé Zloof wa hapohapo IBM alikuwa analeta Query by Example, mtu anajaza mfano kwenye jedwali tupu badala ya kuandika amri. Microsoft Access ilikuja na gridi yake mwaka 1992. Mtego wa LEFT JOIN na WHERE anaujua kila aliyeshika SQL kwa dhati. Kuweka onyo la sentensi moja, kwamba kichujio hiki kitaondoa mikopo isiyo na marejesho, kuna ugumu gani?

Nisiidhulumu, njia ya kupita ipo. Unatengeneza kwiri ya kwanza inayochuja marejesho ya mwezi uliopita peke yake, unaihifadhi, halafu unaunganisha jedwali la mikopo na hiyo kwiri badala ya jedwali lenyewe la marejesho. Inafanya kazi, na mchoro hauiharibu. Kwa sababu hiyo nilitaka kuipa nyota tatu.

Lakini nikarudi kwenye orodha za miezi ya nyuma, zilizotoka kwa kwiri ileile, na barua za ukumbusho zilizotumwa kwa kuzifuata. Barua kali zilikwenda kwa watu waliolipa pungufu, watu wanaojitahidi. Wasiolipa kabisa hawakuguswa. Kuna mama muuza samaki alikuja ofisini na risiti zake zimekunjwa ndani ya kitambaa, akaziweka moja moja mezani, akauliza kwa nini anaandikiwa yeye wakati jirani yake aliyekopa siku moja naye hajawahi kuandikiwa. Siku ile sikuwa na jibu la kumpa. Programu hii inauzwa kwa watu wasiojua SQL, na anayeweza kuukwepa mtego wake ni yule anayeijua SQL tayari. Nyota tatu nazifuta, naipa moja.

Leseni ikifika mwisho sitaidhinisha kuihuisha. Nimeshamwomba meneja fedha hiyo imlipie mhasibu mafunzo ya kuandika SQL kwa mkono, na yule mama nimemwandikia barua ya kumwomba radhi kwa niaba ya chama.