Ishara za kupima mahali: za ratiba au za kuagizwa?

Katika 5G, mtandao unaweza kujua kifaa kilipo kwa kupima ishara ambayo kifaa chenyewe kinairusha, minara kadhaa ikilinganisha muda wa kuipokea. Ubishi ni huu: irushwe kwa ratiba, au pale tu mtandao unapoiagiza?

Kwa roboti inayozunguka ghalani, ratiba inashinda waziwazi. Kipimo kimoja kikiharibika, kingine kinafuata punde. Gharama yake ni betri, pamoja na nafasi hewani inayobaki imetengwa hata kifaa kikiwa kimetulia tuli. Kwa kuagiza, hulipii usichotumia. Ila agizo likipotea, hakuna kipimo. Tena minara jirani lazima iarifiwe mapema isikilize lini, na uratibu huo, kwa maoni yangu, ndio kichomi hasa.

Usahihi? Hapo ratiba haiokoi. Saa za minara miwili zikipishana nanosekunde 10, tofauti ya umbali inapotoka kama mita 3, uagize usiagize.

Kitambuzi cha kufuatilia mzigo, kinachoulizwa kilipo mara moja kwa siku, kiagizwe. Vifaa vikiwa vingi na nafasi finyu, kuna njia ya kati: ratiba inayowashwa na kuzimwa.