TAHADHARI: Hawker 800XP inayozungushwa WhatsApp, ndege ni ya kweli ila muuzaji ni tapeli

Wakuu, habari zenu.

Kuna Hawker 800XP, jeti ndogo ya biashara, ya mwaka 2003 inayozungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp ya wafanyabiashara wa Dar, Nairobi, Kampala na Lubumbashi. Bei inayotajwa ni dola 950,000, eti mwenye nayo ana haraka kwa sababu anafunga kampuni, na ndege iko Lanseria, Afrika Kusini. Anayeiuza anajiita mwakilishi pekee wa mwenye ndege, anasema yuko Dubai, na anaongea Kiswahili kizuri cha pwani. Msimtumie hata senti moja. Ndege ipo, lakini haiuzwi, na huyo bwana hana uhusiano wowote na mwenye nayo. Kuna mnunuzi wa Nairobi ameshatoa dola 75,000 za kishika uchumba na mpaka leo anapigiwa danadana. Namba ya usajili siiweki hadharani kwa sababu mwenye ndege hana kosa. Aliyeletewa ofa anitumie ujumbe faragha, nitamwambia kama ndiyo hiyo.

Sisi ofisini tunashughulika na makaratasi ya ndege: usajili, bima, vibali vya anga. Ofa hii ilitufikia kupitia mteja anayetaka jeti ya kubeba watu wa migodi kati ya Mwanza na Lubumbashi. Naeleza mtego wenyewe kwa kirefu kwa sababu jamaa akishtukiwa atabadilisha jina na ndege tu.

Wengi wakisikia utapeli wa jeti wanafikiria picha za kuokoteza mtandaoni. Hapa haikuwa hivyo. Furushi lililotumwa lilikuwa na picha za ndani na nje, video ya ndege ikiwa hanga, kurasa nyingi za logibuku (daftari la kumbukumbu za safari na matengenezo ya ndege) zilizopigwa mihuri ya mafundi, cheti cha ubora wa kuruka, na orodha ya matengenezo ya injini zote mbili. Mteja wetu alipoliona akasema hili haliwezi kuwa la uongo. Na kweli halikuwa la uongo. Kila kitu kilikuwa halisi, ila hakikuwa cha yule aliyekituma.

Alikipata wapi? Ndege ile iliwahi kuwekwa sokoni kihalali miaka kadhaa nyuma, kisha ikaondolewa. Enzi hizo yeyote aliyejifanya mnunuzi alitumiwa furushi zima. Mtu akalitunza, akabadilisha namba ya simu kwenye ukurasa wa kwanza, akaanza kazi. Ukiwa na jicho la fundi utaona maandishi ya logibuku yanakoma ghafla miaka ya nyuma, ilhali ndege yenyewe inaruka mpaka leo.

Kujua kwamba inaruka ni rahisi. Ndege hizi hutangaza mahali zilipo kwa redio, na kuna tovuti zinazodaka matangazo hayo. Flightradar24 huficha baadhi ya ndege kwa ombi la wamiliki; ADS-B Exchange haifichi. Wiki ileile tuliyoambiwa ndege imepandishwa jeki Lanseria inafanyiwa usafi, tuliiona ikikatiza anga la Ulaya. Tulipomuuliza, akajibu kwamba hiyo ni hitilafu ya mtandao. Hapo mimi nilikuwa nimeshafunga jalada, lakini mteja bado alikuwa na tamaa ya bei, kwa hiyo tukaendelea kuchimba.

Namba ya usajili inaanza na N, maana yake imesajiliwa Marekani, na daftari la FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, lililoko Oklahoma City mtu yeyote analisoma bure mtandaoni. Unaingiza namba, unapata aina ya ndege, namba ya kiwanda na jina la aliyesajiliwa. Tangu 2025 wamiliki binafsi wanaweza kuomba taarifa zao zisionekane, lakini hapa jina lilikuwepo: la mdhamini, yaani anayeshikilia mali kwa jina lake kwa niaba ya mwenyewe. Sheria ya Marekani hairuhusu asiye raia au mkazi wa kudumu kusajili ndege kwa jina lake hivihivi, kwa hiyo wageni wengi huiweka mikononi mwa mdhamini wa huko. Jambo hilo ni halali kabisa. Matapeli wanalipenda kwa sababu moja: jina la mwenye mali halionekani, na pengo hilo mtu yeyote anaweza kujichomeka. Jamaa yetu alisema hivyohivyo, "mwenyewe hataki kujulikana, ndiyo maana kanipa mimi mamlaka," akaleta na barua yenye muhuri mkubwa mwekundu.

Barua hiyo haina kazi. Ndege ikiwa imesajiliwa kwa jina la mdhamini, hati ya mauzo husainiwa na mdhamini. Tulimwandikia mdhamini kwa anwani tuliyoitafuta wenyewe, siyo ile iliyokuwa kwenye barua. Jibu lilikuwa fupi: ndege haiko sokoni, na hatumfahamu huyo mtu.

Ndege ikiwa na usajili wa 5H (Tanzania) au 5Y (Kenya), andika barua kwa mamlaka ya anga ya nchi hiyo, TCAA au KCAA, uulize nani amesajiliwa na kama kuna rehani. Halafu kuna daftari la kimataifa lililoko Dublin, lililozaliwa na Mkataba wa Cape Town wa 2001. Tanzania, Kenya, Rwanda, Afrika Kusini na Marekani zote zimo kwenye mkataba huo. Kwa ada ndogo unapata cheti kinachoonyesha nani ameandikisha haki juu ya ndege hiyo. Watu hutafuta bodi, yaani mwili wa ndege, wakasahau injini. Injini za jeti huandikishwa kila moja peke yake, na inatokea bodi ikawa safi huku injini moja iko rehani benki.

Sasa eskro, maana hapa ndipo wajanja wanapoliwa. Kila mtu ameshaambiwa asimlipe muuzaji mkono kwa mkono, pesa ikae kwa mtu wa kati. Jamaa hakubisha. Yeye mwenyewe ndiye aliyependekeza eskro, akatuma na mkataba na kiungo cha tovuti yenye picha za majengo ya vioo na anwani ya Oklahoma City, mji ambao kweli ndiko waliko mawakala wengi wa kazi hiyo. Tovuti ilikuwa imesajiliwa miezi michache tu nyuma. Hilo unalijua kwa kutafuta tarehe ya usajili wa jina la tovuti, kazi ya dakika moja. Namba ya simu ilipokelewa na sauti ya kistaarabu kabisa. Akaunti ya benki ilikuwa nchi nyingine, kwa jina la kampuni ya vifaa vya ujenzi. Yule wa Nairobi alilipa huko.

Na msidhani eskro yenye ofisi na miaka mingi kazini inatosha kukupa usingizi. Debra Mercer-Erwin alikuwa na kampuni halisi ya eskro ya ndege hapohapo Oklahoma City, na kampuni nyingine ya udhamini iliyokuwa imesajili zaidi ya ndege 1,000 kwa anwani za Onalaska, mji mdogo wa Texas usio na hata kiwanja cha ndege. Watu na taasisi za fedha waliweka amana kwake kwa ajili ya kununua ndege, wakiamini pesa haiguswi na inarudishwa biashara isipofungwa. Ndege nyingi kati ya hizo wenyewe hawakuwa wanaziuza, wala hawakujua zinatajwa. Pesa ya aliyekuja leo ilimlipa aliyekuja jana. Waendesha mashtaka walitaja zaidi ya dola milioni 350. Mwaka 2023 alipatikana na hatia Texas akahukumiwa miezi 192 jela, na kesi hiyo iligusa pia ndege zilizosajiliwa kwake zikatumika kusafirisha kokeini. Waliolizwa pale walikuwa na mawakili na wahasibu. Kilichokosekana ni mtu wa kumpigia mwenye ndege na kumuuliza, unauza?

Kwa hiyo wakala wa eskro mchague wewe, kwa ushauri wa wakili wako, tena mtafute kwa namba uliyoipata mwenyewe. Ukiletewa barua pepe siku ya kufunga biashara ikisema akaunti imebadilika, usilipe mpaka upige simu kwa namba ya zamani na kuisikia sauti unayoijua. Barua pepe za mawakala na mawakili huingiliwa. Mwizi anasoma mazungumzo yenu kimyakimya kwa wiki nzima, anasubiri tarehe ya malipo.

Mambo mengine ya jamaa huyu nitayapitia haraka. Alidai "ada ya kuiona ndege". Hakuna ada ya kuiona ndege. Gharama ya kweli ni ya ukaguzi wa kabla ya kununua, na hiyo unawalipa wakaguzi wenyewe, karakana iliyoidhinishwa uliyoichagua wewe, ambapo mafundi wanaingiza kamera nyembamba ndani ya injini na kusoma logibuku tangu ukurasa wa kwanza. Yeye alisema ukaguzi umeshafanyika, ripoti hii hapa, usipoteze muda. Akaongeza makaratasi ya NCNDA na IMFPA (mikataba ya kutunza siri, kutorukana na kulinda kamisheni za madalali) pamoja na kutaka uthibitisho wa fedha wa benki kabla hata ya kututajia namba ya kiwanda. Waliowahi kuguswa na dhahabu feki ya Nairobi watayajua makaratasi hayo mara moja, ni yaleyale. Wauzaji wa ndege hawana kazi nayo. Kwao kuna barua ya nia ya kurasa chache, amana inayoweza kurudishwa, mkataba wa mauzo, ukaguzi, na baada ya mnunuzi kukubali hali ya ndege kwa maandishi ndipo amana inafungwa, yaani hairudishwi tena.

Kuna na wale wasio wezi moja kwa moja, ila ni vishoka. Kishoka hana ndege wala mteja. Anaiona ofa kwenye grupu, anaongeza cha juu, anaituma grupu lingine, na ikikufikia imepita mikono mingi kila mmoja na chake. Wengine wanathubutu kununua na kuuza siku hiyohiyo kwa pesa ya mnunuzi wa mwisho, tofauti wanaificha. Unaweza kuipata ndege, lakini umelipa laki kadhaa za dola kwa mtu ambaye kazi yake ilikuwa kubonyeza kitufe cha kutuma. Muulize dalali: nioneshe mkataba wako na mwenye ndege, na kamisheni yako nani anailipa? Akikasirika umeshapata jibu. Biashara hii ina ugonjwa wa aibu: mtu mwenye uwezo wa kununua jeti anaona kuuliza-uliza kutamfanya aonekane hana pesa, na vishoka wanakula hapohapo.

Hata wasio matapeli hupamba. Wakisema injini ziko kwenye mpango wa matengenezo, kama ule wa MSP wa Honeywell ambao Hawker nyingi zimo, usiridhike na tangazo. Taka barua kutoka kwenye mpango wenyewe ikionyesha kwamba malipo ya saa hayajakatika. Mpango uliokatika unaweza kukugharimu laki nyingi za dola kwenye ukarabati wa kwanza.

Nanyi mnaouza, hili linawahusu zaidi ya mnavyofikiri, kwa sababu furushi la jamaa huyu lilitoka kwa muuzaji wa kweli. Msimtumie kila anayeuliza skani nzima ya logibuku. Mpeni muhtasari na picha zenye alama ya jina lenu katikati. Logibuku kamili zisubiri barua ya nia na amana. Na yule anayeomba "safari ya majaribio" kutoka Dar kwenda Zanzibar na familia kabla hajasaini chochote, huyo anatafuta lifti. Safari ya majaribio mnunuzi hulipia gharama zake, na hufanyika karibu na ukaguzi.

Kwa ambaye pesa imeshatoka: usimalize siku kwa kubembelezana naye kwenye simu. Nenda benki sasa hivi, taka watume ombi la kurudisha muamala kwa SWIFT, kisha fungua jalada polisi, kitengo cha makosa ya mtandao, upate namba ya jalada. Kama benki iliyopokea iko Marekani, peleka malalamiko pia IC3, tovuti ya FBI ya makosa ya mtandao. Saa 72 za mwanzo ndizo zenye matumaini makubwa. Tunza ujumbe wote, usifute grupu hata kama limekuudhi. Na baada ya wiki moja au mbili atakupigia mtu anayejiita mpelelezi au wakili wa Dubai, anajua kiasi ulichopoteza mpaka senti, anasema pesa imeonekana na inahitaji ada kidogo ili iachiliwe. Huyo katumwa na walewale. Yule wa Nairobi ameshapigiwa.