Picha za matunda za Kichina, sebule imebadilika

Nilichukua picha nne kwa dada mmoja anayeuza mapambo ya nyumba huku Majengo, ni kopi tu za mtindo wa zile za rangi ya maji wachoraji wa Kichina walizomchorea William Farquhar, afisa wa kikoloni wa Uingereza, kule Malacca (Malaysia ya leo) mwanzoni mwa miaka ya 1800, na aisee shokishoki limechorwa unyoya mmoja mmoja, fenesi limepasuliwa mpaka unaona mbegu, karatasi yenyewe ya njano njano inakaa poa na ukuta wa krimu. Wageni wananiuliza zabibu ziko wapi, Dodoma hii jamani!

Ila fremu ndo shida, nyuma hazijazibwa vizuri, vumbi la huku mnalijua, wiki mbili tu limeshaingia kwenye kioo nikampelekea fundi. Msiziweke juani zitapauka. Elfu 15 moja, narudi kuchukua ya papai.