Miaka minne ya kuendesha tovuti ya umoja wa wakulima kwa WordPress: uzoefu wangu kutoka Mbeya

Mimi ni katibu wa ofisi ya umoja wa vikundi vya wakulima hapa Mbeya. Wanachama wetu wengi wanalima kahawa upande wa Mbozi, na wengine wanalima parachichi na ndizi upande wa Rungwe. Tangu mwaka 2021 tovuti ya umoja inaendeshwa kwa WordPress, yaani mfumo unaomwezesha mtu asiye fundi kuandika na kubadilisha kurasa za tovuti, na mimi ndiye niliyepewa jukumu la kuitunza ingawa sikusomea kompyuta. Ninaandika kwa ajili ya makatibu na waratibu wenzangu ambao wameambiwa na bodi zao kwamba umoja uwe na tovuti, nao hawajui waanzie wapi.

Tovuti yetu ya kwanza ilitengenezwa na fundi tuliyepatana naye kwa mdomo tu. Ilipendeza machoni, lakini kila ukurasa ulikuwa umeandikwa kwa mkono kwa HTML, lugha ya kompyuta ya kutengenezea kurasa, na hapakuwa na mlango wowote ambao sisi wa ofisini tungeweza kuupitia tukabadilisha hata nukta. Ofisi ilipobadilisha namba ya simu, namba ya zamani ilibaki juu ya ukurasa wa kwanza kwa miezi kumi na minne, na kwa wakati huo ilikuwa imekwisha kupewa mtu mwingine. Mzee mmoja wa Mlowo alifika ofisini siku moja, akavua kofia, akaniambia, "Mwanangu, ile namba yenu anapokea kijana wa Dodoma. Nimempigia mara tatu, mpaka amenihurumia." Alikuwa amepanda gari kuja kuuliza tarehe ya kugawa miche, jambo ambalo lingekwisha kwa simu ya dakika moja. Sijaisahau siku ile, na kila uamuzi tuliofanya baadaye kuhusu tovuti niliupima kwa safari ya yule mzee.

Tulipotaka kuondoka kwa fundi yule tukagundua tatizo kubwa zaidi: jina la tovuti lilikuwa limesajiliwa kwa jina lake na kwa barua pepe yake, si kwa jina la umoja. Tulilazimika kuliacha na kusajili jina jipya linaloishia na .or.tz, safari hii kwa jina la umoja, kwa barua pepe ya ofisi, na risiti ikawekwa katika faili la bodi pamoja na hati ya usajili. Kabla hujachagua mfumo wowote, hakikisha kwanza jina ni la kwenu. Mfumo unaweza kubadilishwa hata kila mwaka, lakini jina likishaandikwa kwenye vipeperushi, mihuri na magunia, kulipoteza ni hasara kubwa.

Katika kuchagua tulilinganisha mifumo mitatu inayotumiwa sana: Drupal, Joomla na WordPress. Joomla ilitoka mwaka 2005, na jina lake limetokana na neno letu la Kiswahili, jumla, jambo lililoifurahisha sana bodi na karibu liamue kura. Hata hivyo tulichagua WordPress kwa sababu ya kawaida kabisa: vijana wanaoifahamu wanapatikana hapa mjini, kwa hiyo mmoja akiondoka hatubaki yatima. Mfumo huu ulianzishwa mwaka 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little, unatolewa bure kwa leseni huria, na leo zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani zinautumia. Mtu asichanganye vitu viwili: WordPress.com ni huduma ya kampuni, ambako tovuti yako inakaa kwao kwa masharti yao, na programu ya bure inayopatikana WordPress.org unaiweka mwenyewe kwenye seva, yaani kompyuta ya kuhifadhia tovuti, unayoikodi. Sisi tunatumia hiyo ya pili. Programu ni bure, lakini jina na seva vinalipiwa kila mwaka, na bajeti ya umoja lazima iwe na fungu hilo hata mwaka wa mavuno mabaya.

Kuhusu sura ya tovuti sina mengi ya kusema. Tulichukua kiolezo, yaani muundo uliokwisha andaliwa, cha bure kinachokuja na mfumo wenyewe, tukaweka rangi za umoja, tukaendelea na kazi.

Faida yenyewe niliiona pale dada anayeratibu vikundi vya Rungwe alipoandika tangazo lake la kwanza akiwa Tukuyu. Tangu toleo la 5.0 la Desemba 2018, WordPress inaandikiwa kwa bloku: kila aya ni bloku yake, kila picha ni bloku yake, na jedwali hali kadhalika. Alibonyeza alama ya kujumlisha, akachagua jedwali, akaweka safu wima tatu, yaani kijiji, tarehe na idadi ya miche, akaanza kujaza mistari minane. Alipofika mstari wa sita umeme ukakatika, kama ilivyo kawaida ya Tukuyu mvua inapochachamaa. Umeme uliporudi alifungua ukurasa uleule akakuta ujumbe kwamba ipo nakala iliyohifadhiwa yenyewe ambayo ni mpya kuliko ile anayoiona. Akaibonyeza, na mistari yake yote ilikuwepo, kwa kuwa mfumo hujihifadhia kazi takriban kila dakika moja. Vilevile hutunza matoleo ya zamani ya kila ukurasa, kwa hiyo mtu akifuta kwa bahati mbaya aya ya mwenzake, inarudishwa bila ugomvi, na ukurasa uliotupwa hukaa siku 30 kabla ya kufutwa kabisa.

Hata hivyo, ukurasa wa kuandikia ni mzito kuliko ukurasa wa kusomea. Mtandao ukiwa hafifu, kihariri kinachelewa kufunguka, na bando linakwisha haraka. Wenzangu walioko vijijini nimewashauri waandike kwanza maandishi yao katika simu, kisha wayahamishe wakifika penye mtandao mzuri.

Suala la ruhusa lilinichukua muda mrefu kulielewa, na naona ndipo ofisi nyingi zinapokosea kwa kumpa kila mtu nywila ya msimamizi mkuu. WordPress ina ngazi za watumiaji: msimamizi anayeweza kila kitu, mhariri anayeweza kurekebisha na kuchapisha kazi za wote, mwandishi anayechapisha kazi zake mwenyewe, na mchangiaji anayeandika lakini hawezi kuchapisha. Niliwaweka waratibu wetu wote kuwa wachangiaji, nikidhani nimefanya busara, kisha wakalalamika kwamba hawawezi kupakia picha. Kumbe ndivyo mfumo ulivyo: mchangiaji hana ruhusa ya kupakia faili. Nikiwapandisha kuwa waandishi wanapata ruhusa ya picha, lakini pia wanaweza kuchapisha bila mimi kupitia. Katika umoja ambao tarehe moja iliyokosewa inaweza kuwasafirisha watu mia bure, sikuwa tayari kwa hilo. Tuliamua wabaki wachangiaji, picha wanitumie kwa WhatsApp, nami ndiye ninayeziweka.

Uamuzi huo ulitusaidia kwa njia ambayo sikuitarajia. Picha zinazopigwa na simu janja za siku hizi huwa na megabaiti nne au tano kila moja. WordPress, tangu toleo la 5.3 la mwaka 2019, hupunguza picha kubwa hadi pikseli 2560 na kutengeneza nakala ndogondogo za kuonyeshwa, lakini ile picha ya asili huibakiza kwenye seva. Katika mwaka wetu wa kwanza nilipakia picha za mafunzo moja kwa moja kutoka kwenye kamera, na kabla ya mwaka kwisha nafasi tuliyokodi ilikuwa imejaa hata barua pepe za ofisi zikaanza kukataliwa. Picha iliyopita WhatsApp huwa imekwisha kupunguzwa, na kwa tovuti inatosha kabisa. Mkulima wa Kiwira anayefungua ukurasa wetu kwa bando la siku hana sababu ya kulipia picha yenye ukubwa wa kubandikwa ukutani.

Kuna mpangilio mmoja mdogo ambao naomba kila anayeanza auguse siku ya kwanza, nao ni saa. Mfumo ukiwekwa huanza na saa ya UTC, yaani saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa yetu kwa saa tatu. Niliwahi kupanga tangazo la mkutano mkuu lijichapishe saa 2 asubuhi, likatoka saa 5, wakati wajumbe wa Vwawa walitakiwa wawe wameanza safari. Ingia kwenye mipangilio ya jumla, uchague Dar es Salaam katika orodha ya miji, kisha uhifadhi. Ujue pia kwamba tangazo lililopangwa hutoka pale mtu yeyote anapoitembelea tovuti, kwa hiyo kwenye tovuti isiyo na wageni wengi linaweza kuchelewa kidogo hata saa ikiwa sahihi.

Sasa nieleze yaliyotuumiza. Mwaka 2022 tulisasisha plagini moja, yaani programu ndogo ya kuongezea mfumo uwezo, ikagongana na nyingine, na tovuti nzima ikaonyesha ujumbe wa hitilafu kubwa. Katika hali hiyo WordPress humtumia msimamizi barua pepe yenye kiungo cha dharura cha kuingilia ili aizime plagini yenye kasoro. Barua ilitumwa kama inavyotakiwa, lakini ilikwenda kwa mfanyakazi aliyekuwa amehamia mkoa mwingine mwaka uliotangulia, kwa sababu hatukuwa tumebadilisha anwani ya msimamizi. Tulikaa siku mbili bila tovuti mpaka tulipompata. Siku hizi anwani hiyo ni ya ofisi, na mtu akiacha kazi akaunti yake inafungwa siku anayokabidhi funguo za mlango.

La pili lilikuwa zito zaidi. Tulikuwa na plagini ya kupangilia picha ambayo mtengenezaji wake aliacha kuihudumia, nasi tukaiacha miezi saba bila kuitazama. Mwanachama mmoja alinitumia picha ya kioo cha simu yake: akitutafuta kwenye Google na kubonyeza jina letu, anapelekwa kwenye ukurasa wa michezo ya kubahatisha. Mimi nikiwa ndani ya dashibodi, yaani upande wa usimamizi wa tovuti, sikuona chochote, maana uchafu ule ulikuwa umefichwa kwa mtu aliyeingia kwa nywila. Nakala rudufu, yaani nakala za akiba za tovuti, zilizokuwa kwenye seva ileile nazo zilikuwa zimeharibiwa. Kilichotuokoa ni nakala niliyoishusha miezi miwili kabla, nikaiweka kwenye diski iliyofungiwa kabatini pamoja na vitabu vya fedha. Tulifuta kila kitu, tukaweka mfumo upya, tukarudisha nakala hiyo, tukabadilisha nywila zote, kisha nikaandika tena kwa mkono matangazo ya miezi miwili.

Ndiyo maana nasema bila kusita kwamba WordPress ni bure kuipata, lakini si bure kuitunza. Kila Jumatatu asubuhi ninaingia, ninaangalia masasisho, ninashusha nakala rudufu kwanza, ndipo ninasasisha. Nakala iliyo kamili lazima iwe na vitu viwili, hifadhidata yenye maandishi na mipangilio, na folda ya wp-content yenye picha na plagini. Chombo cha kuhamisha maudhui kilichomo ndani ya mfumo hutoa maandishi tu, nacho hakitoshi. Tulikuwa na plagini kumi na tisa, sasa tumebaki na sita, na kila mtu anayependekeza ya saba namuuliza ni nani ataifuatilia.

Tulijirekebisha pia kuhusu taarifa za wanachama. Mwanzoni tuliweka orodha ya viongozi wa vikundi pamoja na namba zao za simu, tukidhani tunawarahisishia wanunuzi. Baada ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, tuliwauliza mmoja mmoja. Wengi walikataa, na baadhi yao, hasa kina mama, walisema walikuwa wakisumbuliwa usiku na watu wasiowajua. Orodha ile tuliiondoa, tukaweka namba moja ya ofisi, na picha ya mtu haiwekwi kabla hajaridhia.

Kwa ofisi yenye angalau mtu mmoja aliye tayari kuipa saa moja kila wiki, ninaupendekeza mfumo huu kwa moyo wote. Kwa ofisi isiyo na mtu huyo, ni afadhali kuwa na ukurasa mmoja tu wenye anwani na namba ya simu sahihi.

Kasoro ninayoendelea kuihangaikia ni lugha. Tafsiri ya Kiswahili ipo, lakini tulipoiwasha baadhi ya menyu zilibaki kwa Kiingereza, na waratibu wawili wakachanganyikiwa wasijue kitufe kipi kinahifadhi na kipi kinachapisha. Kwa kuwa tafsiri hizo hutolewa na watu wa kujitolea, na yeyote anaweza kupendekeza maneno yakapitiwa na wahariri, nimefungua akaunti yangu. Yule dada wa Tukuyu hunitumia maneno yanayomkwamisha, nami jioni ninakaa nayo. Wiki hii tunabishana kuhusu neno la rasimu: yeye anasema wakulima wake wangeelewa upesi zaidi wakiandikiwa "haijatoka", na ninaanza kukubaliana naye.